Kobe Mgeni Hali, Hatoki: Majibu kwa Wasomaji

Barua kuhusu kobe zimezidi nafasi yetu, nyingi zikitoka kwa wasomaji walio ughaibuni, ambako kobe huuzwa dukani kama kasuku. Tumechagua tano. Neno moja kwanza: hapa tunamzungumzia kobe wa nchi kavu. Kasa na wenzake wa majini wana matunzo yao, na ukiyachanganya utamzamisha mmoja na kumkausha mwingine.

Swali: Nimewanunulia watoto kobe aina ya Hermann, ana miaka minne. Leo siku ya sita hajatia kitu mdomoni. Anajichimbia pembeni, na akitoka ni kukwaruza kioo tu. Nimemwekea tanki la kioo, zulia la joto chini, maranda, na taa ndogo juu. Nimejaribu nyanya, tango, hata mkate uliolowekwa. Ana huzuni ya kuhama? *Baba wa watoto wawili, Leicester, Uingereza*

Jibu: Watu husema ukiona kobe kainama, ujue anatunga sheria. Huyu wako, ndugu yetu, hatungi chochote, ana baridi. Siku sita za kususia chakula si msiba kwa kobe wa umri huo aliyehama juzi, maana wengi huchukua wiki moja hadi mbili ndipo wale sawasawa. Ila vifaa ulivyovitaja vinaweza kumfanya asile hata mwezi, kwa hiyo tengeneza hivyo kwanza, huzuni tutaitafuta baadaye.

Kobe hajitengenezei joto la mwili. Tumbo lake halisagi chakula mpaka apate moto wa nje, na moto huo amezoea utoke juu, kwenye jua, aupokee mgongoni. Chini kwake ndiko kwenye ubaridi: akizidiwa na jua, huchimba. Sasa zulia lako limempindulia dunia. Anachimba kutafuta nafuu anakuta moto zaidi, gamba la tumbo laweza kuungua polepole naye asisogee, na udongo unakauka kama unga. Lichomoe leo hii.

Nunua balbu ya joto yenye mwanga mpana, wati 75 hadi 100, na holda ya kauri, kwa sababu ya plastiki huyeyuka. Ile ya mwanga mwembamba iache dukani: inachoma katikati ya mgongo huku miguu ikibaki baridi. Itundike kwa mnyororo upande mmoja tu wa makazi, sentimita 30 hadi 40 juu ya udongo. Klipu peke yake si ya kuaminiwa. Kisha pima. Weka kigae bapa chini ya balbu, juu yake weka kichwa cha kipimajoto cha dijitali kwenye kimo cha mgongo wa kobe, ngoja saa nzima, ndipo usome. Unatafuta nyuzi 32 hadi 35. Ikisoma 40, pandisha balbu. Ikisoma 27, ishushe. Upande wa pili ubaki kwenye 20 hadi 22 ili achague mwenyewe pa kukaa. Vile vipimajoto vya kubandika ukutani mwa tanki vinakueleza joto la kioo, si la kobe. Usiku zima kila kitu. Chumba kikishuka hadi 15, Hermann mwenye afya wa umri huo hana neno.

Kuhusu hiyo "taa ndogo": kama haikuandikwa UVB (aina ya mionzi iliyomo kwenye jua), basi si UVB. Bila mionzi hiyo kobe hatengenezi vitamini D3, na bila D3 kalsiamu anayokula haifiki kwenye mfupa. Matokeo yake ni gamba linalobonyea kwa kidole na mdomo uliopinda, na kufikia hapo umeshachelewa. Tafuta taa ndefu ya T5 (mrija mwembamba) yenye UVB ya asilimia 10 hadi 12, urefu wake nusu ya makazi, uifunge sambamba na balbu ya joto ili aote vyote viwili kwa pamoja. Isipitishiwe kioo wala plastiki, kwani karibu mionzi yote huishia hapo. Ndiyo maana jua la dirishani humpa joto tu. Baada ya miezi 12 ibadilishe ingawa bado inawaka, kwa sababu mwanga unaouona wewe hubaki na UVB hupungua. Andika tarehe ya kuifunga kwa kalamu ya wino pembeni mwa taa yenyewe. Taa zote ziwake saa 12 hadi 14 kwa siku, kwa swichi ya saa, si kwa kumbukumbu ya watoto.

Kukwaruza kioo ni jambo jingine. Anaona mbele kuko wazi, hajui kwa nini hapiti, na atarudia hadi achoke. Kwa leo bandika karatasi nzito nje ya tanki hadi kimo cha sentimita 15. Kwa kudumu, achana na tanki. Sanduku la mbao lililo wazi juu, lisilopungua sentimita 120 kwa 60, kuta za 30, linamtosha kwa sasa. Kabati la vitabu la mtumba, ukiling'oa rafu na kulilaza chali, ni nyumba nzuri kuliko nyingi zinazouzwa kwa bei ya kuumiza. Tandika nailoni nzito ndani ili mbao zisioze.

Maranda yatupe. Humezwa pamoja na chakula, vumbi lake huwasha macho na pua, na hayashiki shimo. Changanya udongo wa bustani usio na mbolea sehemu mbili na mchanga wa kuchezea watoto sehemu moja, kina kisipungue sentimita 10. Ukiufinya mkononi ushikane bila kutoa maji. Upande wa baridi mwekee nusu chungu kilicholazwa, aingie mzima mzima na asionekane. Kobe asiye na pa kujificha ndiye anayejificha siku nzima. Mwenye pango lake hutoka.

Sasa chakula. Nyanya, tango na mkate havimfai Hermann. Sukari na wanga huvuruga vijidudu vya tumboni vinavyomsaidia kusaga majani, na kobe akishaonja nyanya ataikodolea macho siku zote. Muulize muuzaji alikuwa akimlisha nini, umpe hicho hicho wiki ya kwanza hata kama hukipendi, kisha ubadilishe kidogo kidogo. Unakotaka kumfikisha ni kwenye magugu: dandelioni, ile yenye ua la manjano inayoota kila bustani ya Leicester, ni binamu wa mchunga wetu, na aliyekula mchunga ataijua kwa uchungu wake. Mpe majani na maua, rundo lenye ukubwa wa gamba lake, mara moja kwa siku, asubuhi baada ya kuota moto saa moja au mbili. Usichume kandokando ya barabara wala penye dawa ya magugu. Mara tatu kwa wiki nyunyiza unga wa kalsiamu kaboneti, mfinyo mmoja. Mfupa wa ngisi, ule mweupe mwepesi unaookotwa ufukweni, uweke ndani audonoe apendavyo. Spinachi na wenzake wenye asidi nyingi ya oksaliki huifunga kalsiamu isifyonzwe, na parachichi, tunda na majani, asilione kabisa.

Kila asubuhi wiki hii mwogeshe: maji ya vuguvugu, nyuzi 28 hadi 32, kimo kisipite pale gamba la juu linapoungana na la tumbo, dakika 15 hadi 20. Utaona anatumbukiza pua na koo linapanda na kushuka, hapo anakunywa. Angalia pia anachotoa. Pamoja na mkojo hutoka kitu cheupe. Kikiwa laini kama mtindi, sawa. Kikiwa na chengachenga kama mchanga, amekauka, endelea kumwogesha kila siku. Baada ya wiki hiyo mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha.

Mpime kwa mizani ya jikoni, iliyotengwa kwa kazi hiyo, siku moja kila wiki kabla ya kuoga na kula, uandike. Akianza na gramu 310, mstari wa hatari ni 279, yaani asilimia kumi. Akifika hapo, au akitoa mapovu puani, akipumua mdomo wazi, macho yakivimba, au zikipita wiki mbili za joto sahihi bila kula, mpeleke kwa daktari wa wanyama mwenye uzoefu wa reptilia. Sema hivyo unapopiga simu, maana wa paka na mbwa si wote wanaomjua kobe. Watoto wamwangalie bila kumshika kwa wiki mbili. Na muuzaji alipaswa kukupa hati ya Kifungu cha 10, yaani kibali cha kuuza mnyama anayelindwa, ambayo Hermann hauzwi Uingereza bila hiyo. Itafute, uitunze pamoja na pasipoti.

Usingizi wa majira ya baridi usimjaribu mwaka huu. Kobe ambaye hujui uzito wake wa kawaida wala minyoo yake halazwi. Mwachie taa zake hadi majira ya kuchipua.

Swali: Tumezawadiwa kitoto cha kobe aina ya sulcata, miezi mitano, urefu wa gamba sentimita 7. Tuliambiwa ni wa jangwani, tumuweke pakavu. Anakula vizuri mno, lakini gamba limeanza kuota vilima. Tumpunguzie chakula? Tuna mtoto wa miaka mitatu. *Dada na shemeji, Minneapolis, Marekani*

Jibu: Msimpunguzie majani. Kosa ni hilo neno "pakavu". Sulcata ni wa ukanda wa Sahel, kweli, ila vitoto vyake huishi mashimoni na chini ya majani ambako hewa ina unyevu. Gamba linapokua katika hewa kavu, ukingo mpya wa kila kigae cha gamba hilo hukakamaa mapema na kusukumwa juu badala ya kutandaa. Vyumba vya Minneapolis wakati wa baridi, hita zikiwaka usiku na mchana, ni vikavu kupita hilo jangwa mnaloogopa.

Mtoto huyu anahitaji makazi yaliyofunikwa, si sanduku la wazi kama la ndugu wa Leicester. Unyevu wa hewa uwe asilimia 80 hivi, na joto lisishuke chini ya nyuzi 26 hata usiku. Hayo mawili hayatengani: unyevu wenye baridi humpa nimonia, unyevu wenye joto humpa gamba lisilo na vilima. Balbu isiyotoa mwanga, ya kauri, ikiwa na thamostati (kidhibiti joto), itamshikilia usiku. Tandiko zuri ni makumbi ya nazi yaliyosagwa, sentimita 8 hadi 10. Mimina maji kwenye pembe nne, polepole, hadi tabaka la chini lilowe na la juu libaki karibu kavu. Kumwagia juu kunamlaza kwenye tope na gamba la tumbo linaoza. Muogesheni kila siku dakika 20.

Vilima vilivyokwisha kuota havishuki, hata mpake mafuta gani, na mafuta msipake kabisa. Mtakachoangalia ni ule mstari mweupe mwembamba kati ya kigae na kigae: ndio ukuaji mpya. Ukitoka bapa kwa miezi miwili mitatu, mmefaulu.

Kuhusu mwanenu, hapo hatutanii. Kobe mwenye afya tele anaweza kubeba salmonela (bakteria wa kuharisha), na mtoto wa chini ya miaka mitano huumia nayo kuliko mtu mzima. Ndiyo sababu tangu 1975 Marekani inakataza kuuza kobe na kasa wenye gamba chini ya inchi 4, yaani sentimita 10, kama wanyama wa kufuga. Watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Asimshike kabisa kwa sasa. Wakubwa wanawe kwa sabuni kila wanapomgusa yeye au beseni lake, na beseni hilo lisiguse sinki la jikoni. Jambo la mwisho hapa, ambalo aliyewazawadia huenda hakulisema: huyu wa kiganjani anaweza kupita kilo 45 na kuishi miongo mingi. Pangeni mapema.

Swali: Nimemchukua sulcata dume, kilo 27, mwenyewe alishindwa naye. Siku ya kumi sasa anazunguka uzio wa waya kutwa nzima, amekwishaupinda. Kinyesi kina vijinyoo vyembamba. Nina dawa ya ivermectin ya mbuzi wangu, nimpe kiasi gani kwa kilo hizo? *Mfugaji, karibu na Houston, Texas*

Jibu: Usimpe hata tone. Ivermectin ni sumu kwa kobe: humlegeza viungo, humpooza, na humuua, hata kwa kipimo ambacho mbuzi hatakihisi. Kuna wanaojaribu kwa kukisia kipimo kidogo. Hakuna kipimo kidogo hapa. Dawa za chanjo na minyoo za mbuzi zihifadhi mbali na banda lake, na mbuzi waliotoka kudungwa wasichangie naye malisho. Chukua kinyesi kibichi, kijiko kimoja, kwenye kikopo kisafi, ukipeleke kwa daktari siku hiyo hiyo kiangaliwe kwa darubini. Vijinyoo vichache vyembamba ni wageni wa kawaida wa utumbo wa kobe, na mara nyingi daktari atasema viachwe. Vikizidi, atachagua dawa nyingine yeye.

Kuzunguka uzio kuna dawa rahisi. Anaona upande wa pili, kwa hiyo kwake uzio huo ni kichaka tu cha kupenya. Piga mbao au mabati kuanzia ardhini hadi sentimita 60, asione nje, na ndani ya siku chache wengi hupunguza mwendo. Mbao hizo zishuke angalau sentimita 30 chini ya ardhi, kwa sababu sulcata ni mchimbaji na kilo 27 zikiamua kutoka zinatoka. Kagua uwanja kwa magoti yako, usawa wa macho yake: misumari, vipande vya nailoni, na mimea yenye sumu kama oliyanda na lantana. Bwawa la kuogelea lizungushiwe ua, maana hajui kuogelea. Mbwa, hata mpole, asiachwe naye. Gamba kwa mbwa ni mfupa mkubwa.

Chakula chake ni nyasi, sehemu tisa kati ya kumi. Bermuda ya huko ni ukoka huu huu wetu, basi kama uwanja unao na hupigi dawa, umekwisha kumlisha. Mpe kivuli kizito na karai pana la maji, la kina cha kiganja, lililochimbiwa usawa wa ardhi. Kwa ajili ya baridi mjengee kibanda chenye joto la nyuzi 26 hivi, mlango ukiwa na pazia la vipande vya plastiki nzito. Sulcata halali usingizi wa baridi. Akiachwa nje kwenye usiku wa nyuzi 5 na mvua, anaamka na nimonia au haamki. Jioni za kwanza mwongoze mwenyewe hadi kibandani, saa ile ile kila siku. Wiki mbili tatu, atakuwa anakwenda peke yake.

Swali: Kijana wangu ameokota kobe wa madoadoa barabarani, tuko naye siku ya pili. Mjomba wake anataka kumtoboa gamba ukingoni tumfunge kamba asipotee. Haumii? Na anakula nini? *Mama, Voi, Kenya*

Jibu: Anaumia, mama. Gamba ni mfupa ulio hai, una damu na mishipa ya fahamu, na juu yake kuna kigae chembamba kama ukucha. Tundu la bisibisi linapitisha uchafu hadi ndani ya mfupa, na kamba humsonga mguu akizunguka mti. Rangi pia msimpake.

Lakini hata bila kumtoboa, si wenu. Kenya hairuhusu kumfuga mnyamapori bila kibali, kwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, na kobe yumo. Kwa wasomaji wa Tanzania hali ni hiyo hiyo chini ya sheria ya 2009, na wa kuuliza ni TAWA, mamlaka ya wanyamapori ya huko. Wale kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ambao wengi hututajia, wana asili ya Shelisheli na waliletwa mwaka 1919, hawakuokotwa barabarani.

Pigeni simu ofisi ya KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) iliyo karibu, mweleze alipookotwa ili arudi pale pale, si msitu wowote ulio karibu, kwa maana anajua maji na mashimo ya kwao. Mpaka hapo akae ndani ya boksi lenye matundu, kivulini, asichanganywe na kuku. Ukoka na maji kwenye sinia vinamtosha. Kisamvu kibichi msimpe, kina sumu ile ile inayowafanya mkipike sana. Mkimbeba mshikeni kwa mikono miwili, chini chini, tumbo likiangalia ardhi. Akiinuliwa kwa ghafla humwaga mkojo, na kwa kobe wa sehemu kame kama Voi hiyo ndiyo akiba yake ya maji. Na siku nyingine mkimkuta barabarani, mvusheni upande aliokuwa anaelekea. Ukimrudisha alikotoka, ataanza safari upya mbele ya malori.

Swali: Kobe wetu anaonekana mpweke. Tumletee mwenzake? *Darasa la sita, shule ya jumapili, Kampala*

Jibu: Hapana. Kobe hutembea peke yake na hatafuti kampani. Wawili wakilala pamoja chini ya taa moja si mapenzi: mara nyingi mmoja amemkalia mwenzake mahali pa joto, na yule wa chini anapungua gramu wiki hadi wiki bila hata ugomvi kuonekana. Dume kwa jike humgonga gamba hadi miguu ya nyuma itoke damu. Mgeni pia huweza kuleta virusi vya herpes au mafua ya mycoplasma bila dalili yoyote, kwa hiyo hata mwenye sababu ya kufuga wawili humtenga mpya kwa miezi sita, chumba chake, vyombo vyake, na hulishwa wa mwisho. Na ninyi pia ulizeni ofisi ya wanyamapori ya Uganda kama huyo mmoja ana kibali.